Umeajiriwa au umejiajiri? Jina lililo kwenye karatasi halitoshi mbele ya kodi

Kuna swali linalotufikia karibu kila tunapofungua simu za wasikilizaji, ingawa kila mmoja huliuliza kwa maneno yake. Dereva wa gari la maziwa anauliza kwa nini malipo yake yamekatwa asilimia 5 wakati yeye hana biashara yoyote. Mama anayeuza dagaa mnadani anauliza kama kitambulisho cha mjasiriamali kimemwondolea kodi. Karani wa ghala la mazao anauliza kama karatasi aliyosainishwa, iliyoandikwa juu "Mkataba wa Kutoa Huduma", ina maana kwamba yeye si mfanyakazi tena.

Maswali hayo matatu kwa kweli ni swali moja: mbele ya kodi, wewe umeajiriwa au umejiajiri?

Jibu lake lina uzito mkubwa mfukoni. Ndilo linaloamua nani ana wajibu wa kupeleka kodi TRA, wewe au aliyekupa kazi. Ndilo linaloamua kama una michango NSSF, na kama ukiumia kazini kuna mfuko wa kukufidia. Na kwa waliojiajiri kweli, kutoelewa utaratibu kunaweza kumfanya mtu alipe shilingi 100,000 kwa mwaka pale ambapo angelipa 15,000 tu. Tutaonyesha hesabu hiyo hapa chini.

Kwa nini tunalizungumza sasa

Tarehe 24 Juni 2024 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka wakilalamikia kodi na namna inavyokusanywa, na mgomo ukasambaa hadi miji mingine. Tarehe 4 Oktoba mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan alizindua tume ya rais ya maboresho ya kodi, mwenyekiti wake akiwa Balozi Ombeni Sefue.

Tangu hapo mjadala wa kodi haujapoa. Lakini sauti zilizosikika zaidi ni za wenye maduka na waagizaji wa bidhaa mijini. Huku kwetu watu wengi hawana duka, wala hawana mshahara wa benki. Mtu mmoja analima, anachoma mkaa kiangazi, anabeba abiria kwa bodaboda jioni, na msimu wa mavuno anapima magunia kwenye ghala la mtu. Mtu huyu tunamweka wapi? Sheria ina jibu, ila jibu hilo halipatikani kwa kuangalia jina la kazi.

Makundi matatu ya mapato

Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, Sura ya 332, inagawa mapato ya mtu katika makundi matatu: ajira, biashara na uwekezaji. Kodi ya pango la nyumba kwa kawaida huangukia kwenye uwekezaji. Leo tunashughulika na mawili ya kwanza.

Ajira ni kuwa na nafasi ya kazi chini ya mtu au taasisi nyingine. Sheria haikomei kwa mwenye barua ya ajira peke yake. Inagusa pia nafasi yoyote inayokupa haki ya kulipwa kila kipindi kwa kazi unayofanya.

Biashara kwa maana ya sheria hii ni neno pana kuliko tunavyolitumia. Inajumuisha kuuza na kununua, kutengeneza vitu, taaluma na ufundi wa aina yoyote, hata shughuli moja ya mara moja ikiwa ina sura ya kibiashara. Kwa hiyo fundi cherehani anayeshonea barazani kwake ana biashara. Wakala wa kutuma na kutoa pesa ana biashara. Mkulima anayepeleka alizeti sokoni ana biashara. Kukosa bango, leseni au fremu ya duka hakubadilishi hilo. Mtaani tunasema "amejiajiri". Kwa lugha ya kodi maana yake ni kwamba ana mapato ya biashara.

Sheria hiyohiyo inaweka mpaka mmoja ulio wazi: biashara haijumuishi ajira. Malipo ya kazi moja hayawezi kuwa mshahara na wakati huohuo yakawa mapato ya biashara. Ni lazima yaangukie upande mmoja.

Vipimo saba vya mfanyakazi

Utajuaje uko upande gani? Msaada mkubwa uko kwenye sheria nyingine, Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inayotumika Tanzania Bara. Kifungu hicho kinasema mtu anayefanya kazi kwa ajili ya mwingine atachukuliwa kuwa ni mfanyakazi, bila kujali mkataba umeandikwaje, ikiwa hata kimoja tu kati ya mambo haya kipo:

1. Namna unavyofanya kazi inasimamiwa au kuelekezwa na mtu mwingine.
2. Saa zako za kazi zinapangwa na mtu mwingine.
3. Unafanya kazi ndani ya taasisi na wewe ni sehemu ya taasisi hiyo.
4. Umemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita.
5. Unamtegemea mtu huyo kiuchumi.
6. Vifaa vya kazi unapewa na mtu huyo.
7. Unamfanyia kazi mtu mmoja tu.

Soma tena maneno "hata kimoja tu". Huhitaji kutimiza yote saba. Kikiwepo kimoja, sheria inaanza kwa kukuona wewe ni mfanyakazi, na anayesema si kweli ndiye anayetakiwa kuthibitisha.

Tuseme wazi jambo moja hapa. Kifungu hiki kiliandikwa kwa ajili ya sheria za kazi, si za kodi. Afisa wa TRA anasoma Sheria ya Kodi ya Mapato. Lakini mambo yanayoangaliwa ni yaleyale: nani anakuongoza, nani anapanga muda, vifaa ni vya nani, na hasara ikitokea inamwangukia nani. Mtu aliyejiajiri anaweza kupata faida au hasara kutokana na maamuzi yake. Mfanyakazi anauza muda na nguvu zake, na hasara ya biashara ni ya bosi.

Kulipwa kwa kilo si kujiajiri

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Mchuma chai wa Mufindi analipwa kwa kilo. Mkata miwa wa Kilombero analipwa kwa kiasi alichokata. Mbeba magunia analipwa kwa gunia. Wengi huamini kwamba kwa kuwa hawana mshahara wa mwezi, basi wamejiajiri.

Sivyo. Kulipwa kwa kipande ni njia ya kuhesabu malipo tu. Ikiwa msimamizi anakupangia shamba, anakuambia uanze saa ngapi, anakagua kazi na anaweza kukuondoa, wewe uko kwenye ajira, hata kama jina lako kwenye daftari lao ni "kibarua".

Mlinganishe na mkulima wa miwa wa nje ya shamba la kiwanda. Ardhi ni yake au ameikodi, mbegu na mbolea amegharamia mwenyewe au amekopeshwa na atalipa, na mvua isipokuja hasara ni yake. Anauza kiwandani, naam, pengine hana mnunuzi mwingine. Lakini huyo anauza mazao, hauzi muda wake. Mapato yake ni ya biashara.

Watu hao wawili wanaweza kuwa majirani, wakaamka saa moja na kwenda kwenye miwa ileile, na bado sheria ikawaona tofauti.

Hesabu ya karani wa ghala

Sasa turudi kwa karatasi ya "mkataba wa kutoa huduma". Tuchukue mfano wa kijana anayeandika mizigo kwenye ghala. Anafika saa mbili asubuhi kila siku, anatumia mizani na vitabu vya mwenye ghala, hana mteja mwingine. Malipo ni shilingi 300,000 kwa mwezi.

Akihesabiwa kama mfanyakazi, mambo yanakwenda hivi. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na sehemu inayokatwa kwa mfanyakazi haipaswi kuzidi asilimia 10. Tuseme anakatwa 30,000 na mwajiri anaweka 30,000 yake. Kodi ya mshahara, ile tunayoiita PAYE, inahesabiwa kwenye kiasi kinachobaki baada ya mchango huo, yaani 270,000. Tangu Julai 2020 kiwango ambacho hakitozwi PAYE kwa mwezi ni hadi 270,000. Kwa hiyo PAYE yake ni sifuri. Anaondoka na 270,000 mkononi, na NSSF kuna 60,000 kwa jina lake kila mwezi.

Akihesabiwa kama mtoa huduma, mwenye ghala anakata kodi ya zuio ya asilimia 5. Hiyo ni 15,000 kila mwezi, sawa na 180,000 kwa mwaka. Anaondoka na 285,000. Akiangalia noti tu, anaona amepata zaidi kwa 15,000. Lakini akaunti yake ya NSSF haina kitu, na amelipa kodi ambayo kama mfanyakazi asingeilipa kabisa.

Ni kweli kwamba kodi ya zuio kwenye malipo ya huduma si pesa iliyopotea moja kwa moja. Huhesabiwa kama sehemu ya kodi yako ya mwaka uliyokwisha kulipa. Lakini ili ihesabiwe ni lazima aliyekukata akupe cheti cha zuio, na wewe uwe na TIN na upeleke hesabu zako TRA. Kijana wa ghala ambaye hajawahi kuambiwa kuna cheti cha namna hiyo, pesa yake inabaki huko.

Kisha kuna kuumia. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unachangiwa na mwajiri peke yake. Mfanyakazi hakatwi hata senti. Gunia likimwangukia mfanyakazi mguuni, kuna mahali pa kudai. Likimwangukia "mtoa huduma", ataanza kwa kuambiwa kwamba matibabu ni juu yake, kwa kuwa yeye ni mfanyabiashara anayejitegemea.

Hapo ndipo tunaposema kwamba suala hili si la wahasibu peke yao. Saini moja inaweza kuhamisha mzigo wote kutoka kwa mwenye ghala kwenda kwa anayebeba gunia.

Kwa nini baadhi ya waajiri wanapenda karatasi hii

Si kila mwajiri anayetumia mkataba wa huduma ana nia mbaya. Kuna kazi ambazo kweli ni za huduma. Fundi anayeitwa kukarabati mashine ya kusaga kwa siku mbili, akaja na vifaa vyake, akalipwa na kwenda kwa mteja mwingine, huyo ni mtoa huduma kweli.

Lakini motisha ya kuwageuza wafanyakazi kuwa watoa huduma ipo, na inahesabika. Mwajiri anaokoa mchango wake wa NSSF. Anaokoa mchango wa WCF. Anaepuka likizo yenye malipo, taarifa ya kusitisha kazi na kiinua mgongo. Na kuna tozo ya kuendeleza ufundi stadi, SDL. Hii hulipwa na mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi, isipokuwa wale waliosamehewa na sheria, na tangu Julai 2023 kiwango chake kimekuwa asilimia 3.5 ya mishahara. Mwenye watu 14, akiwageuza watano kuwa watoa huduma, kwenye karatasi anabaki na tisa.

Kwa mwajiri mwaminifu hali hii ni adhabu. Yeye analipa yote, na jirani yake anayeshindana naye kwenye soko lilelile anakwepa kwa saini tu. Kwa hiyo kuweka mpaka huu sawa kunamlinda mfanyakazi, na kunamlinda pia mwenye kampuni anayefuata sheria.

Waliojiajiri kweli: daftari ndilo pesa

Sasa tuje kwa mama wa dagaa, fundi baiskeli, mwenye genge na mwenye kibanda cha chipsi. Hawa wamejiajiri bila ubishi, na kwao swali ni kiasi gani.

Kwa mfanyabiashara mdogo mwenye mapato ya biashara peke yake, TRA haianzi na faida. Inaanza na mauzo ya mwaka. Neno hili huwachanganya wengi. Mauzo ni pesa yote iliyoingia kwa kuuza, kabla hujatoa nauli, mtaji na ushuru. Viwango ambavyo vimekuwa vikitumika katika miaka ya karibuni ni hivi:

Mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka: hakuna kodi ya mapato.

Mauzo ya zaidi ya milioni 4 hadi milioni 7: asiyetunza kumbukumbu analipa 100,000 kwa mwaka. Anayetunza kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kiasi kinachozidi milioni 4.

Mauzo ya zaidi ya milioni 7 hadi milioni 11: asiyetunza kumbukumbu analipa 250,000. Anayetunza analipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kiasi kinachozidi milioni 7.

Ukivuka milioni 11, kutunza kumbukumbu si hiari tena, mashine ya risiti ya EFD inahitajika, na hesabu inabadilika. Hapo nenda ofisi ya TRA mapema, usisubiri kufuatwa.

Tuweke mama wa dagaa kwenye mizani. Anauza wastani wa shilingi 15,000 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Mauzo yake ni milioni 4 na laki 5. Kama hana daftari, analipa 100,000. Kama ana daftari, anatozwa asilimia 3 ya laki 5 zilizozidi, yaani 15,000. Tofauti ni 85,000. Kwa wengi wetu hiyo ni ada ya shule na sare, au mtaji wa kurudi mwaloni mara kadhaa.

Chukua mwingine mwenye mauzo ya milioni 9. Bila daftari ni 250,000. Akiwa na daftari ni 90,000 kwa milioni 7 za kwanza, kisha 60,000 kwa milioni 2 zilizozidi. Jumla 150,000. Ameokoa laki moja.

Na kuna wa tatu, anayeuza kwa 10,000 kwa siku kwa siku 300. Huyo ana milioni 3. Hadaiwi kodi ya mapato hata shilingi. Lakini asipokuwa na daftari, siku atakapokadiriwa milioni 5 kwa kuangaliwa kibanda kilivyojaa bidhaa, atajitetea kwa nini?

Daftari hilo halihitaji utaalamu. Kila siku andika tarehe, ulichouza, ulichonunua, na weka risiti za manunuzi kwenye mfuko mmoja. Ukiuza kwa simu, ujumbe wa malipo nao ni kumbukumbu, usiufute.

Kitambulisho, ushuru, leseni na TIN havifanani

Vitu vinne vinachanganywa sana, na kila kimoja kina kazi yake.

Kitambulisho cha mjasiriamali mdogo kilianza kutolewa Desemba 2018, wakati wa Rais John Magufuli, kwa shilingi 20,000, kikiwalenga wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka. Siku hizi vipo vya kidijitali. Kitambulisho hiki kinakutambulisha kama mfanyabiashara mdogo. Hakikupi msamaha wa milele: mauzo yakivuka milioni 4, umeingia kwenye kodi hata kama kadi iko mfukoni.

Ushuru wa soko na ushuru wa mazao ni wa halmashauri. Kuulipa hakumaanishi umelipa kodi ya mapato, na kutolipa kodi ya mapato kwa sababu uko chini ya milioni 4 hakukuondolei ushuru huo.

Leseni ya biashara ni ruhusa ya kufanya shughuli fulani mahali fulani.

TIN ni namba ya mlipakodi. Hutolewa na TRA bure. Anayekuuzia TIN anakuibia. Na kuwa na TIN peke yake hakumaanishi unadaiwa kodi, wala hakukufanyi uwe umejiajiri. Mfanyakazi pia anaweza kuwa na TIN. Kwa hiyo bosi akikuambia "leta TIN yako kwa sababu wewe sasa ni mtoa huduma", namba hiyo haithibitishi chochote kuhusu aina ya kazi yako.

Walio katikati

Kuna kazi ambazo hazikai vizuri upande wowote.

Bodaboda anayeendesha pikipiki yake ni mfanyabiashara, hakuna mjadala. Anayeendesha ya tajiri kwa kupeleka hesabu kila jioni ni kesi ngumu. Anachagua abiria na saa zake, na kinachozidi hesabu ni chake; hiyo ni sura ya biashara. Lakini chombo ni cha tajiri, na tajiri akisema rudisha, kazi imekwisha siku hiyo. Hiyo ni sura ya ajira. Kwa vyombo vya usafirishaji TRA ina viwango vyake vya mwaka vinavyohesabiwa kwa chombo. Kwa hiyo ninyi wawili mwandikiane nani analipa. Tumesikia mengi ya vijana kusimamishwa barabarani kwa deni ambalo kila upande unadhani ni la mwenzake.

Wakala wa pesa za simu anapata kamisheni, na kampuni inakata kodi ya zuio kabla ya kumlipa. Huyo ana mapato ya biashara, hata kama ana fulana na mwavuli wa kampuni. Lakini kijana anayekaa kwenye kibanda cha wakala kwa mshahara wa mwezi si wakala. Ni mfanyakazi wa wakala.

Mwalimu au muuguzi mwenye duka asidhani PAYE inayokatwa kwenye mshahara imemaliza kila kitu. Mshahara ni ajira, duka ni biashara. Na vile viwango vya wafanyabiashara wadogo tulivyovitaja vimeandikwa kwa mtu ambaye mapato yake ni ya biashara peke yake. Mwenye vyote viwili aende TRA aeleze vyote viwili.

Kinachokosekana

Kwa maoni yetu tatizo kubwa haliko kwenye viwango. Mtu wa milioni 4 na laki 5 anayelipa 15,000 kwa mwaka hajaonewa na sheria. Anaonewa na kutojua, na na utaratibu unaomsubiri ajue mwenyewe.

Tunaona mambo matatu. La kwanza, vipimo vya sheria ya kazi na maana za sheria ya kodi viko kwenye vitabu viwili, vinavyosimamiwa na ofisi mbili. Afisa kazi anaweza kukuona mfanyakazi wakati rejesta ya kodi inakuonyesha mtoa huduma, na hakuna anayelazimika kumuuliza mwenzake. Kuweka kipimo kimoja kinachosomeka kwa Kiswahili chepesi, kinachotumika pande zote mbili, kungeziba mwanya mkubwa.

La pili, anayekata kodi ya zuio anajua zaidi kuliko anayekatwa. Ingefaa kila anayekatwa apate ujumbe wa simu papo hapo: umekatwa kiasi gani, na nani, kwa jina gani la malipo. Kama mtandao wa simu unaweza kututumia ujumbe wa shilingi 500 tuliyotumiwa, hilo halishindikani.

La tatu, elimu ya kodi inafika vijijini kwa msimu, wakati mapato ya kijiji nayo ni ya msimu. Kumwendea mkulima mwezi Machi kumwambia alete makadirio, wakati pesa yake anaipata Julai, ni kumtafuta siku ambayo hayupo.

Kuna wanaosema kwamba kukaza mpaka huu kutawafanya waajiri wadogo waache kuajiri. Hoja hiyo haifai kupuuzwa; mwenye ghala moja kijijini si kiwanda. Lakini SDL tayari imewaacha nje wenye wafanyakazi chini ya 10, na mshahara usiovuka kiwango kisichotozwa haugusi PAYE. Mzigo unaobaki kwa mwajiri mdogo ni hasa NSSF na WCF, yaani uzee na mguu wa yule anayembebea magunia. Kama serikali inaona mzigo huo ni mzito, iupunguze wazi kwa sheria. Usifichwe chini ya karatasi ya "huduma".

Ufanye nini wiki hii

Kama una mkataba ulioandikwa "huduma" na unafanya kazi kama mfanyakazi, pitia vile vipimo saba na uandike vinavyokuhusu. Weka nakala ya mkataba, ujumbe wa malipo, na chochote kinachoonyesha saa zako na anayekusimamia. Muulize mwajiri kwanza, kwa upole, ikiwezekana kwa maandishi. Akikataa, nenda kwa afisa kazi au Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Kama umeachishwa kazi isivyo halali, muda wa kufungua shauri CMA ni siku 30 tangu kuachishwa. Wengi wamekosa haki kwa kuchelewa, si kwa kukosa hoja.

Kama unakatwa kodi ya zuio, dai cheti chako kila unapokatwa.

Kama umejiajiri, anza daftari leo. Usisubiri Januari. Makadirio ya kodi hufanyika mwanzoni mwa mwaka, na malipo yanaweza kugawanywa kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba.

Kama umekadiriwa kiasi usichokubaliana nacho, una siku 30 za kuweka pingamizi kwa Kamishna Mkuu wa TRA, kwa maandishi. Fahamu kwamba kwa kawaida unatakiwa kulipa theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, au sehemu usiyoipinga, kile kilicho kikubwa, ili pingamizi lipokelewe. Kwa malalamiko kuhusu namna ulivyohudumiwa, ipo Taasisi ya Usuluhishi wa Malalamiko na Taarifa za Kodi, TOST.

Mwisho, kumbuka kwamba Sheria ya Fedha hupitishwa na Bunge kila mwaka na mabadiliko yake huanza kutumika Julai. Kabla ya kulipa, thibitisha kiwango cha mwaka huo kwenye ofisi ya TRA iliyo karibu nawe, na usiondoke bila risiti.